Je, kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza?

Kwa miaka mingi walimu wa watoto wadogo wameambiwa kwamba mtoto mmoja hujifunza kwa macho, mwingine kwa masikio na mwingine kwa mikono, hivyo kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walizipitia tafiti zilizokuwapo, wasipate ushahidi wa kutosha wa dai hilo. Watoto wana mapendeleo, hilo halina ubishi. Lakini njia ifaayo huamuliwa zaidi na jambo linalofundishwa, kwani rangi lazima zionekane na silabi lazima zisikike. Mtoto anayehesabu vizibo kwa kuvigusa, kisha akaulizwa vitabaki vingapi viwili vikiondolewa, hunufaika kwa sababu amelazimika kufikiri, wala si kwa sababu tu mikono yake imeshughulika.