Mbawakawa wa Ardhini wa Msituni

Mkaazi wa Nairobi anayepindua gogo lililooza katika Msitu wa Karura na kuona mdudu mweusi akitimua mbio huenda akamwita mende, kumbe ni mbawakawa wa ardhini, wa familia ambayo wanasayansi huiita Carabidae na ambayo spishi zake zinazojulikana zinazidi 30,000. Tofauti iko mgongoni: mabawa ya mende hupandana, ilhali mabawa ya mbele ya mbawakawa ni magamba magumu yanayokutana katikati kwa mstari ulionyooka, nayo kwa spishi nyingi yana mifereji myembamba kama matuta ya shamba lililolimwa karibuni.

Jike hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu, nayo huangua mabuu. Neno buu humkumbusha msomaji funza mweupe wa kwenye mzoga, lakini huyu ni mwindaji hasa: ana mwili mrefu, miguu sita na taya zilizopinda kama mundu, na mara nyingi humwagia windo lake majimaji ya kuyeyusha nyama, kisha akafyonza mchuzi huo. Kwa kawaida buu hupitia hatua tatu za ukuaji, akijivua ngozi kila inapombana, halafu huchimba kijishimba udongoni na kugeuka bundo, asiyekula wala kutembea. Mbawakawa anayetoka humo huwa laini na mweupemweupe, na huchukua muda kabla ya gamba lake kukauka na kuwa jeusi.

Mdudu huyu mzima hushinda chini ya majani makavu, mawe na magogo, kisha usiku hutoka kuwinda konokono, viwavi na wadudu wadogo. Akishikwa hutoa majimaji yenye harufu kali kutoka nyuma ya tumbo, na kuna jamaa zake wanaorusha kemikali yenye joto la karibu nyuzi 100 za Selisiasi.

Makao yake hasa, basi, ni lile tabaka la majani yanayooza, ambalo watunza bustani wengi hulifagia wakidhani ni takataka. Tabaka hilo huhifadhi unyevu wakati wa kiangazi, na likiondolewa, mayai na mabuu hukauka. Isitoshe, spishi nyingi za msituni haziwezi kuruka, kwa hiyo barabara pana ya lami, kama ile ya Limuru inayoitenga Sigiria na sehemu kubwa ya Karura, ni mpaka ambao wachache huuvuka.