Duka bila mkataba: nani anaweza kukutoa?

Wafanyabiashara wengi wa Malindi wanaokuja ofisini kwangu huanza na maneno yale yale: "Wakili, mimi sina la kusema, hatukuandikiana." Walikubaliana na mwenye nyumba kwa mdomo, wakalipa kodi ya mwezi wa kwanza, wakafungua duka. Wanaamini kwamba siku wakiambiwa watoke, hawana pa kushika. Sheria ya Kenya inasema kinyume kabisa, na watu wanapoteza riziki zao kwa kutoijua.

Sheria yenyewe ni Sura ya 301, inayohusu wapangaji wa maduka, mahoteli na sehemu za kuuzia chakula. Ipo tangu mwaka wa 1965. Inalinda kila upangaji wa aina hiyo ambao haukuandikwa. Ulioandikwa nao unalindwa ikiwa muda wake hauzidi miaka 5, au ikiwa una kipengele cha kuuvunja kabla ya miaka 5 kwa sababu isiyokuwa ya mtu kukiuka masharti. Kwa hivyo aliyekubaliana kwa mdomo yumo ndani ya ulinzi, na mwenye mkataba wa miaka 6 usio na kipengele hicho yuko nje, atategemea mkataba wake peke yake. Duka hapa si la bidhaa tu. Saluni, kinyozi na fundi cherehani wamo pia, kwa kuwa wanatoa huduma kwa malipo. Hoteli ni mahali panapolaza watu wazima 5 au zaidi kwa malipo, pamoja na chakula au bila chakula.

Wengine walio nje ni wanaopanga kwa serikali au kwa kaunti. Mwenye kibanda katika soko la kaunti asije akasoma haya akadhani yanamhusu.

Sasa notisi. Mama mmoja anayeuza madira na leso aliniletea ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule. Umeandikwa kwa kalamu ya buluu: "Mama, nalitaka duka langu mwisho wa mwezi. Asante." Hauna tarehe wala sababu. Alikuwa ameshaanza kufunga bidhaa kwenye magunia. Nilimwambia azirudishe kwenye rafu, maana ukurasa ule haukuwa na nguvu yoyote kisheria.

Notisi ya duka linalolindwa huandikwa kwenye fomu maalumu, ile tunayoiita Fomu A. Inampa mpangaji muda usiopungua miezi 2 tangu aipokee, na lazima itaje sababu. Sababu hazibuniwi, zimeorodheshwa katika kifungu cha 7. Mpangaji amechelewesha kodi kwa miezi 2 baada ya siku ya kulipa, au ana mazoea ya kuchelewesha. Mwenye nyumba anataka kubomoa na kujenga upya. Au anataka kulitumia jengo mwenyewe, kwa biashara au makazi, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Zipo na nyingine, lakini hizi tatu ndizo ninazokutana nazo zaidi. "Nimepata mtu atakayelipa zaidi" haimo. Na hata kupandisha kodi kunahitaji fomu ile ile na miezi ile ile miwili. Ujumbe wa simu kwamba kuanzia mwezi ujao kodi ni kadha haubadilishi kitu.

Hapa ndipo ninapoumia. Mtu anapokea fomu iliyojazwa sawasawa, anaiweka droo ya pesa, anasubiri. Notisi hiyo humtaka ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au anakataa. Akikataa, anatakiwa apeleke malalamiko kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, lile linalojulikana zaidi kwa herufi BPRT, kabla ya siku ya notisi kuanza kazi. Akishayapeleka, notisi inasimama mpaka kesi iamuliwe. Akinyamaza, siku ikifika notisi inafanya kazi, na ule ulinzi wote niliousifu unamponyoka. Nimewaona watu wenye haki kabisa wakifika kwangu siku zimeshapita.

Na kufuli je? Mwenye nyumba anayefungia duka usiku na bidhaa ndani hakufuata sheria, hata kama anadai kodi ya miezi mingi. Piga picha ya mlango, hifadhi ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha kodi ulizolipa, peleka ombi la dharura kwa jopo siku hiyo hiyo. Jopo linaweza kuamuru duka lifunguliwe. Kuvunja kufuli mwenyewe sikushauri, kwani utajikuta unajibu kesi nyingine polisi. Dalali naye hawezi kuja kubeba bidhaa za duka linalolindwa kwa sababu ya kodi bila idhini ya jopo. Mwambie akuonyeshe idhini hiyo, usome nambari ya kesi na jina la duka.

Lakini kodi lipa. Najua Malindi biashara hulala wageni wakiondoka na masika yakiingia, na miezi 2 ya deni hujaa haraka. Mwandikie mwenye nyumba mapema, mkubaliane kwa maandishi utalipa vipi.

Nyumba za kuishi zina njia yake. Kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sura ya 296, na mpangaji hatolewi bila amri. Ikizidi hapo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ndiyo inayotawala: anayelipa kwa mwezi bila muda uliowekwa hupewa notisi isiyopungua mwezi, na akikataa kutoka, mwenye nyumba aende mahakamani.

Kisha kuna jambo letu la pwani, nyumba bila ardhi: nyumba yako, kiwanja cha mwingine, kila mwezi au mwaka unalipa kodi ya kiwanja. Shida huja mzee mwenye kiwanja anapofariki, warithi wakauza, na mnunuzi akataka pabaki patupu. Mnunuzi huyo atasema nyinyi ni wavamizi. Hata mvamizi, tangu Sheria ya Ardhi irekebishwe mwaka 2016, hupewa notisi ya maandishi ya miezi 3 kabla ya kuondolewa kwenye ardhi ya mtu binafsi, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Malindi kabla muda haujaisha, na hupewa nafasi ya kwanza kubomoa mwenyewe na kuokoa mabati na mbao zake. Lakini wewe uliyelipa kodi ya kiwanja si mvamizi. Uliingia kwa ruhusa, nyumba ni mali yako, na unaweza kuidai fidia. Mahakama za pwani zinautambua mpango huu. Linalokutenga na mvamizi ni ushahidi, kwa hivyo zitafuteni risiti za kiwanja, hata zile za baba au babu zilizoandikwa kwa mkono, mzitoe nakala na mziweke nyumba tofauti na hiyo inayogombaniwa.