Uandishi wa kubuni unafundishika, lakini sio vile wengi wanadhani

Kila nikitaja kazi yangu ya kufundisha uandishi wa kubuni hapa Nairobi swali ni lile lile, si uandishi ni kipaji tu, mtu anazaliwa nacho, sasa wewe unafundisha nini? Kipaji siwezi kumpa mtu. Lakini kusoma upya ulichoandika na kukirekebisha mpaka kisimame, hiyo inafundishika kabisa, na wengi wetu hatukufundishwa. Shuleni mwanafunzi anaandika insha, mwalimu anapiga msitari mwekundu kwenye makosa, anaweka maksi, basi daftari limefungwa, hakuna siku ataambiwa aandike hiyo hiyo mara ya pili. Kwa fasihi nako ni taja maudhui, taja tamathali za usemi, yaani anaorodhesha tashbihi za wenzake vizuri sana na zake hajui azipeleke wapi.

Darasani kwangu mmoja analeta kurasa zake, wengine wamezisoma kabla, alafu wanaongea huku mwenyewe amenyamaza. Juzi kulikuwa na sentensi hii: "Baba alikuwa na wasiwasi mwingi sana kwa sababu ya deni la nyumba." Sarufi safi. Lakini mtu akauliza, kwenye nyumba ya chumba kimoja huo wasiwasi unaonekanaje? Mwandishi akaenda akarudi na hii: "Baba akisikia viatu vya keteka kwenye ngazi, anazima redio." Keteka ndiye yule msimamizi wa ploti anayefuata kodi. Deni halijatajwa, wasiwasi haujatajwa, na vyote viko. Alafu tukabishana kama redio izimwe ama ipunguzwe tu sauti, na hayo sio mambo madogo manake anayepunguza bado anatumaini keteka atapita, anayezima ameshajificha.

Kuna wanaosema warsha kama hii yangu, ya kusomeana na kukosoana, ni mambo ya wazungu. Kama kozi ya chuo, sawa, Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani walianzisha programu yao ya uandishi 1936. Lakini ukitunga tarbia, lile shairi letu la jadi la mishororo minne kila ubeti, mizani nane kwa nane, kina kikigoma si unarudi kutafuta neno lingine? Hiyo ni kurekebisha, tena kwa masharti makali kuliko yangu.

Na Nairobi iko ndani ya hii historia. Taban lo Liyong alimaliza digrii yake ya uandishi hapo Iowa 1968, akaja Nairobi, na mwaka huo huo yeye, Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba wakaandika ule waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu hapa Nairobi ivunjwe, fasihi ya Afrika ikae katikati. Kinachosomwa kikabadilika kweli. Kutunga ndio naona kumebaki pembeni, na inaniuma.

Kwa digrii za juu za uandishi, vyuo vingi vinataka tungo yenyewe pamoja na insha ya kuhakiki maamuzi ya mtunzi. Wanafunzi huiona hiyo ya pili kama mzigo, mimi naitetea. Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alipotoa mashairi huru kwenye diwani yake Kichomi 1974, wanamapokeo, wale wanaoshikilia vina na mizani, walimshukia, lakini alikuwa mtunzi na pia msomi, angeweza kueleza kwa nini aliacha vina. Kwa hivo ukija kwangu lete kurasa mbili zenye nafasi pana pembeni, na ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini umechagua nafsi ya kwanza, kwa nini umeanzia hapo, na ni kitu gani ulikata.