Jack Casement: kibarua wa reli aliyerudi relini akiwa jenerali

John Stephen Casement, maarufu kama Jack, alizaliwa mwaka 1829 jimboni New York, mtoto wa wahamiaji kutoka kisiwa cha Man. Alikuwa mfupi, futi tano na ushee tu. Ujanani alifanya kibarua cha kutandika reli Michigan, kisha Ohio, akapanda hadi kuwa mkandarasi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini, vilipozuka mwaka 1861 alijiunga na jeshi la Kaskazini. Novemba 1864 aliongoza brigedi katika mapigano ya Franklin, Tennessee, akatunukiwa cheo cha heshima cha brigedia jenerali.

Mwaka 1866 kampuni ya Union Pacific ilimpa yeye na mdogo wake Daniel kazi ya kutandika reli kuelekea magharibi. Vibarua wengi walikuwa Waairishi, na wengi wao askari waliotoka vitani karibuni. Casement aliwapanga kama kikosi. Mkokoteni wa farasi ulileta reli hadi mwisho wa njia. Watu wachache kila upande waliishika reli yenye uzito wa zaidi ya kilo 200, wakakimbia nayo, na kwa amri moja wakaiachia juu ya mataruma. Nyuma yao walifuata wapiga misumari: mapigo matatu ya nyundo kwa kila msumari, misumari kumi kwa kila reli, reli karibu 400 kwa maili. Usiku walilala kwenye mabehewa yenye vitanda vya ghorofa tatu. Bunduki zilikaa tayari humohumo, kwa kuwa njia ilikata ardhi ya Wacheyenne na Walakota, wenyeji asilia ambao hawakuridhia kupitiwa. Agosti 1867, karibu na Plum Creek, Nebraska, Wacheyenne waliangusha treni.

Kwa maoni yangu, mpangilio huu wa kijeshi ulileta kasi kuliko chombo chochote kipya, maana nyundo, mtaimbo na farasi vilikuwapo tangu zamani. Ila nidhamu hailishi mtu. Kufikia 1869 kampuni ilikuwa imekaukiwa fedha na mishahara imelimbikizwa. Mwanzoni mwa Mei, vibarua waliolizuia behewa la makamu wa rais wa kampuni, Thomas Durant, huko Piedmont, Wyoming, waligoma kumwachia mpaka walipwe. Sherehe ya kuunganisha reli hiyo na ile ya kampuni ya Central Pacific iliyotoka California, huko Promontory, Utah, ikasogea hadi tarehe 10. Msumari wa dhahabu unaokumbukwa na wengi uliwekwa siku hiyo.

Casement aliendelea na ukandarasi, na kufikia miaka ya 1890 alikuwa anajenga reli Costa Rica. Mkewe Frances, aliyeachwa nyumbani Painesville, Ohio, miezi kwa miezi, aliongoza chama cha Ohio cha kudai haki ya wanawake kupiga kura kuanzia 1885 hadi 1888. Mumewe alifariki mwaka 1909, wanawake wa Ohio wakiwa bado hawajaipata haki hiyo.