Mistari mitatu ndani ya mafaili 41: dhana potofu kuhusu kuchangia programu huria

Kila Jumamosi alasiri mimi hukaa na vijana wanaojifunza kuandika programu katika chumba kimoja cha kupanga pale Kirumba, Mwanza, na karibu kila Jumamosi husikia kauli ileile, kwamba mchango katika programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuziboresha, ni msimbo tu (maandishi yanayoiunda programu), na ukishautuma kazi yako imekwisha. Nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba nimeona bora niandike jibu mara moja nipumzike. Neno «kifurushi» nalitumia hapa kwa maana ya mkusanyo wa msimbo ambao programu nyingine huutegemea, si kile unachonunua kwenye simu ili uingie intaneti. Mkanganyiko huo nao nimechoka kuufafanua.

Kijana mmoja wa Igoma alikuwa akitumia kifurushi cha kukagua namba za simu, ambacho kilikubali namba za Tanzania zinazoanza na 07 na kukataa zote za 06. Mteja wake, muuza dagaa wa Mwaloni mwenye laini ya 068, akashindwa kujisajili. Kijana aliigundua hitilafu ndani ya saa moja, akairekebisha kwa mistari mitatu, kisha akatuma ombi la kuunganisha mabadiliko yake na msimbo wa mradi («pull request»). Siku ya pili msimamizi wa kifurushi alilifunga kwa sentensi moja. Kijana akanijia amenuna, akisema kwamba wanatudharau kwa sababu tunatoka Afrika.

Nilimwomba afungue kompyuta tusome pamoja alichokituma. Ombi lilikuwa limegusa mafaili 41. Kihariri chake cha msimbo, kwa mipangilio aliyoichukua kwa rafiki, kilikuwa kimepita mradi mzima na kugeuza kila tabo mwanzoni mwa mstari kuwa nafasi nne. Tulipoendesha amri ya «git diff -w» ya Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, amri ambayo hupuuza tofauti za nafasi tupu, mistari yake mitatu ikabaki peke yake kwenye skrini. Nikamwuliza kama yeye, baada ya kutoka kazini usiku na bila kulipwa na mtu, angesoma maelfu ya mistari ili aitafute hiyo mitatu. «Hapana, mwalimu,» akasema, na suala la Afrika likaishia hapo.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuchangia ni kumrahisishia mtu mwingine kusoma, kwa kuwa yeye ndiye atakayeubeba msimbo huo miaka mingi baada ya wewe kuusahau. Anayedhani kwamba ukaguzi ni majivuno ya wasimamizi aikumbuke hitilafu ya Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya intaneti kwa kuyasimba: mabadiliko yaliyopokelewa siku ya mwisho ya mwaka 2011 hayakuhakiki urefu wa data uliotajwa na upande wa pili, yakapita mbele ya macho ya mkaguzi, yakatoka na toleo la 1.0.1 mwaka 2012, na hayakutangazwa kuwa hatari hadi Aprili 2014. Kosa hilo lilisomeka bila kizuizi chochote, na bado lilipita. Lingefichwa katikati ya mafaili 41 ingekuwaje?

Tulianza upya. Kwanza aliandika taarifa ya hitilafu, akiuliza kama wasimamizi wanayataka mabadiliko hayo, hatua ambayo karibu kila mtu huiruka. Walipokubali, alifungua tawi jipya, yaani nakala ya pembeni ya kufanyia kazi, akaweka mistari mitatu tu, akaongeza jaribio lenye namba ya 068 ambalo lilifeli kabla ya marekebisho na kufaulu baada yake. Katika ujumbe wa mabadiliko hakuandika «nimerekebisha hitilafu», maneno ambayo hayamwambii mtu chochote, bali alitaja namba zilizokuwa zikikataliwa na sababu yake. Ombi zima lilikuwa na mistari 14. Msimamizi aliuliza swali moja, akaliunganisha wiki hiyohiyo.

Dhana nyingine hazinipotezei muda mwingi. Wapo wasemao kwamba programu huria haina mwenyewe. Inaye: hakimiliki ipo palepale, na mwenye nayo hukuruhusu kwa masharti ya leseni, ndiyo maana huwezi kuunakili msimbo wa leseni ya GPL, inayodai kinachotokana nao kisambazwe kwa masharti yaleyale, ndani ya kifurushi cha leseni ya MIT, isiyodai hivyo, ukanyamaza. Mradi wa Linux, mfumo endeshi huria, tangu mwaka 2004, humtaka mchangiaji atie mstari wa «Signed-off-by» kuthibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo. Ukiwa umeajiriwa, soma mkataba wako kwanza. Na msimbo uliotemwa na akili bandia, ambao huwezi kunieleza hata mstari wake mmoja, usiniletee Kirumba.

Wengine husingizia mtandao, kwamba bila intaneti ya muda wote huwezi kuchangia. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mwaka 2005, huweka historia ya mradi kwenye mashine yako, hivyo unahitaji intaneti wakati wa kupakua na kutuma tu. Nimewahi kuandaa mabadiliko mazima nikiwa ndani ya kivuko cha kwenda Kamanga. Mradi ukiwa mkubwa, «git clone --depth 1» hupakua hali yake ya sasa bila historia yote.

Kwa wanaodhani kwamba ni lazima uwe bingwa ndipo uchangie, nitasema tu kwamba mgeni ndiye anayeona mahali ambapo maelezo ya usakinishaji yameruka hatua, na kwamba OpenOffice ya Kiswahili ya mwaka 2004, programu huria ya kazi za ofisi, ilihitaji watafsiri kabla ya kitu kingine chochote.

La mwisho ni kudhani kwamba msimamizi asipojibu kwa siku tatu amekukataa. Subiri wiki mbili, kisha andika mstari mmoja wa heshima chini ya ombi lako, wala usifungue ombi jingine lenye mabadiliko yaleyale, kwa maana utakuwa umempa kazi ya pili mtu ambaye hajamaliza ya kwanza.