Kupakua Wimbo Si Kuumiliki

Wateja wengi wa huduma za muziki za kulipia kila mwezi huamini kwamba wimbo ukishapakuliwa kwenye simu umekuwa mali yao. Kisha wanaacha kulipa, na nyimbo walizozikusanya kwa miaka zinagoma kucheza. Hasira yao naielewa kabisa, lakini nyimbo zile hawakuwahi kuuziwa.

Unachopakua kwenye Spotify au Apple Music ni faili iliyofungwa kwa kufuli ya kidijitali. Programu yenyewe ndiyo inayoifungua, tena ikishahakikisha kwamba usajili wako uko hai. Ndiyo maana Spotify hukutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ili nyimbo ulizopakua zisipotee, hata kama umelipa. Faili hiyo huwezi kuihamishia kwenye kifaa kingine ukaisikiliza huko. Na mwenye haki za wimbo akiuondoa, unatoweka bila wewe kukosea lolote.

Kununua ni jambo jingine. Duka la iTunes liliondoa kufuli hizo kwenye nyimbo zake mwaka 2009, na faili uliyoinunua unabaki nayo, ilimradi uitunze. Lawama, kwa maoni yangu, ni za huduma zinazotangaza upakuaji kwa herufi kubwa huku masharti yakifichwa kwenye kurasa ndefu ambazo wachache huzisoma.

Tena, kufuta programu kwenye simu hakusitishi makato. Usajili husitishwa kwenye akaunti yako, au kwenye duka la programu ulikojiungia.