Kutu ya Kimondo cha Chuma Isisuguliwe

Katika miezi ya karibuni maabara yetu hapa Uganda imepokea wananchi wengi wanaoleta vipande vizito vya chuma wakiamini kuwa ni vimondo, yaani vitu vilivyoanguka kutoka angani, na yameongezeka pia malalamiko ya watu waliouziwa vipande vya aina hiyo kwa bei kubwa. Tunashukuru kwamba wanakuja. Kinachotusikitisha ni kwamba wengi hufika na kitu kilichokwisha kupigwa msasa, kuoshwa kwa tindikali au kukatwa kwa grenda, ilhali gamba lililoondolewa ndilo tulilohitaji kuliona kwanza.

Vimondo vya chuma vyote vina metali iitwayo nikeli, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 12, pamoja na kobalti kidogo. Vichache huvuka kiwango hicho: kile cha Hoba nchini Namibia, chenye uzito wa tani 60 hivi, kina nikeli ya asilimia 16. Mavi ya chuma, yaani masalio ya kuyeyusha chuma, yanayookotwa palipokuwa na matanuri ya wahunzi wa zamani wa Bunyoro hayana nikeli ya kiasi hicho, tena yamejaa vitundu vya hewa. Magnetaiti, jiwe lenye chuma linalopatikana katika vilima vya Sukulu, karibu na Tororo, hunaswa na sumaku barabara, lakini ukiikwaruza juu ya kigae kisichong'arishwa huacha mstari mweusi unaoitambulisha. Tumelieleza hili mara nyingi na tunalirudia: kunaswa na sumaku peke yake hakuthibitishi kimondo.

Wala nikeli peke yake haitoshi. Kijiko cha chuma kisichoshika kutu kinaweza kuwa na nikeli ya asilimia 8, ila kina pia kromi ya asilimia 18 hivi, kiasi ambacho chuma cha kimondo hakina. Ndiyo maana tunapima vyote viwili kabla ya kuandika cheti.

Nikeli hiyo haikuenea sawasawa. Chuma hicho kilipopoa ndani ya sayari ndogo zilizovunjika zamani, kwa mwendo wa nyuzi chache hadi elfu kadhaa katika kila miaka milioni moja, kiligawanyika kuwa madini mawili: kamasaiti, yenye nikeli isiyozidi asilimia 7 na nusu hivi, na taenaiti, ambayo mara nyingi ina zaidi ya asilimia 20. Katika vimondo vingi madini hayo hupishana kama mianzi ya mkeka, na uso uliosawazishwa ukipakwa asidi ya nitriki mistari yake huonekana kwa macho. Hakuna tanuru la binadamu linaloweza kuiga upoaji wa namna hiyo. Kazi ya kukata na kupaka asidi ni ya maabara, kwa sababu grenda hupasha chuma moto na kuharibu mistari iliyo karibu na mkato.

Wapo wanaoamini kwamba chuma cha angani hakishiki kutu, na wapo wanaotupa kipande kwa sababu kina kutu. Wote wanakosea. Unyevu unapoingia, kamasaiti ndiyo huliwa kwanza, na taenaiti iliyo kando yake huiharakisha kuoza, kama metali mbili tofauti zinapogusana ndani ya maji. Klorini kutoka katika udongo huingia kwenye nyufa na kujificha ndani ya kutu iitwayo akaganaiti, kisha hutoka tena na kuanza kula chuma kipya. Tulipokea kipande kilichofungwa ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, tangu masika. Juu yake palikuwa na matone madogo yenye rangi ya chai isiyo na maziwa, na kila tone lilikuwa limekaa juu ya ufa. Mwenyewe alidhani kinatoa mafuta. Ilikuwa ni klorini na chuma vikifanya kazi, na kavera ilikuwa inavihifadhia unyevu.

Uganda ina kimondo chake cha chuma, kilichoanguka Soroti tarehe 17 Septemba 1945, ingawa watu wengi hukumbuka vile vya mawe vilivyoanguka Mbale tarehe 14 Agosti 1992. Vya Mbale pia vina chembe za chuma chenye nikeli, navyo hupata madoa ya kutu.

Anayeokota kipande akipige picha mahali kilipo kabla ya kukigusa, aandike kijiji, parishi na tarehe, na achukue pia udongo kidogo wa chini yake, kwa sababu maganda ya kutu yaliyodondoka bado huwa na nikeli. Asikioshe, asikipake mafuta, wala asikiweke jikoni karibu na chumvi. Akifunge kwa karatasi kavu. Kumbuka kwamba ibara ya 244 ya Katiba imeyaweka madini yote ya nchi mikononi mwa Serikali kwa niaba ya Jamhuri, na Sheria ya Madini ya mwaka 2022 inataka kibali kwa anayeyauza nje ya nchi; mwenye shamba naye hajasamehewa. Kwa hiyo usiuze, usinunue wala usivuke mpaka wa Busia au Malaba na kipande chochote kabla hujapata majibu ya maandishi yenye muhuri, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni na fedha mkononi.